Maswali ya wasomaji: Je, mstari niliofungua usiku wa kesha ndio wito wangu?

SWALI: Mchungaji, Bwana asifiwe. Mimi ni mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya upili hapa Kisumu, nina umri wa miaka 36, nimeoa na tuna watoto wawili. Mwezi wa Januari, katika kesha la kanisa letu, nilimwomba Mungu anionyeshe kusudi lake juu ya maisha yangu, nikafumba macho, nikafungua Biblia, na kidole changu kikaangukia Mwanzo 12:1, mahali ambapo Abramu anaambiwa atoke katika nchi yake. Juma lililofuata mhubiri mgeni aliniita mbele ya watu, akasema kwamba nimeitwa kuhubiri na kwamba nisichelewe. Tangu hapo nimekusudia kujiuzulu mwishoni mwa muhula wa pili ili nijiunge na chuo cha theolojia. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, anasema tungoje, na mkopo wetu wa sako bado haujaisha. Niongeze kwamba mwaka jana mkuu mpya wa shule aliniondolea uongozi wa idara, na kazi imekuwa mzigo. Ninasoma sura 5 za Biblia kila siku, ila nikifunga kitabu sikumbuki nilichosoma, kwa sababu natafuta ishara nyingine ya kuthibitisha ile ya kwanza. Nitajuaje kwamba ni Mungu? Na kutafakari Neno ni kufanya nini hasa? — Mwalimu, Kisumu

JIBU: Ndugu yangu mwalimu, nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye sentensi ile ile, nayo si ile ya kesha wala ile ya mhubiri. Ni ile unayosema kwamba unasoma sura 5 kwa siku huku ukitafuta ishara ya kuthibitisha ishara. Naamini hapo ndipo jambo lako lilipokwama, na kwamba swali uliloliweka mwisho lilistahili kutangulia.

Mtu anayeifungua Biblia ili apate ruhusa ya jambo aliloliamua tayari, hasomi, anapekua. Anafanana na mwana aliyekwenda kumjulia hali baba yake mzee kule nyumbani, huku macho yake yote yako kwenye kabati lenye hati ya shamba. Baba atauliza habari za wajukuu, atasimulia mvua ilivyochelewa, pengine atasema hata neno ambalo lingemfaa mwanawe kwa maisha yake yote, lakini mwana hatalisikia, kwa kuwa hakuja kuonana na baba. Sisemi haya kukulaumu. Nimeyaona kwangu mwenyewe katika miaka ambayo nilikuwa karani wa ghala la nafaka Nakuru, nikitamani utumishi wa madhabahuni kuliko kitu chochote, na nikiyapindisha maandiko yote yaelekee huko.

Hata hivyo sitaki uutupe mstari wako. Nataka uendelee kuusoma, kwa maana kidole chako kiliishia kwenye aya ya kwanza wakati sura hiyo ina aya 20. Aya ya nne inatuambia kwamba Abramu alipotoka Harani alikuwa na umri wa miaka 75. Kuanzia aya ya 10 njaa inaingia katika nchi ile ile aliyoahidiwa, naye anashuka Misri, na kwa hofu anamwomba Sarai ajitambulishe kuwa ni dada yake, hata Sarai anachukuliwa na kupelekwa nyumbani kwa Farao. Mungu ndiye aliyemwokoa mama huyo, wala si mumewe aliyeitwa. Tazama, sura inayoanza na wito mkuu hivyo inaishia na mke aliyelipishwa gharama ya hofu ya mume wake. Kama ni mstari huu uliotaka ukuongoze, basi ruhusu sura nzima ikuongoze, na jioni ya leo ukae na mama watoto umsomee mpaka mwisho, kisha umwache yeye aseme kwanza.

Najua utaniuliza kuhusu Agostino, yule mwalimu mkuu wa Kanisa la kale, kwa sababu wahubiri wetu wanapenda kumtaja. Ni kweli kwamba mwaka 386, katika bustani moja mjini Milano, alisikia sauti kama ya mtoto ikisema twaa usome, akafungua waraka wa Paulo kwa Warumi, na macho yake yakaangukia sura ya 13, aya ya 13 na 14, akabadilika. Lakini mazingira ya tukio hilo husahauliwa. Agostino alikuwa ameshindana na nafsi yake kwa miaka mingi, huku mama yake Monika akimwombea na Askofu Ambrosi akimfundisha kwa mahubiri yake. Tena aya alizozisoma hazikuwa siri iliyofichwa kwa ajili yake peke yake. Ni agizo la kuacha ulafi, ulevi na ufisadi na kumvaa Bwana Yesu Kristo, agizo ambalo kila Mkristo amepewa. Miaka mingi baadaye, akiwa askofu wa Hipo, mji wa Afrika Kaskazini, aliandika katika barua kwamba hapendezwi na desturi ya watu kufungua Injili kwa bahati ili wapate shauri la mambo ya dunia, ingawa aliona ni afadhali wafanye hivyo kuliko kwenda kwa mashetani. Na hapa kuna jambo litakalokugusa wewe. Agostino naye alikuwa mwalimu, mwalimu wa balagha, yaani ufundi wa kusema mbele ya watu, na baada ya siku ile ya bustani hakuliacha darasa kwa kishindo. Zilikuwa zimesalia siku kama 20 hivi kabla ya likizo ya mavuno ya zabibu. Akavumilia, akazimaliza siku hizo, kisha akaondoka kimya kimya. Alipomwuliza Ambrosi asome kitabu gani ili ajiandae kwa ubatizo, aliambiwa asome Isaya. Akaanza, akashindwa kuelewa, akakiweka kando mpaka atakapokuwa ameizoea lugha ya Bwana. Alibatizwa siku ya Pasaka mwaka 387.

Sasa nije kwenye kutafakari kwenyewe. Kwa Kiswahili chetu neno hili linatupeleka kichwani, kwenye kufikiri kwa kina na kwa ukimya, na hilo si kosa. Lakini neno la Kiebrania lililo nyuma ya Zaburi 1:2 na Yoshua 1:8, yaani haga, lina sauti ndani yake. Ni neno lile lile Isaya analolitumia kwa simba angurumaye juu ya mawindo yake katika sura ya 31, na kwa mlio wa hua katika sura ya 38, mahali ambapo mfalme Hezekia anasema aliomboleza kama hua. Kwa hiyo mtu wa Zaburi ya kwanza hakuwa amekaa akiwaza tu. Alikuwa akilisema Neno kwa sauti ya chini, akilirudia, akilinguruma kama mwenye kitu kinywani asichotaka kukiachia. Ndiyo maana Yoshua anaambiwa kitabu kile kisiondoke kinywani mwake. Watawa wa zamani walilinganisha jambo hili na kucheua, na sisi tunaoishi karibu na tambarare za Nyando hatuhitaji kuelezwa ng'ombe anavyolala chini ya mti adhuhuri, akilirudisha kinywani jani alilokula asubuhi. Hakuna anayemharakisha. Wewe umekuwa ukila sura 5 bila kucheua hata moja.

Katika karne ya 12 mtawa aitwaye Guigo, wa shirika la Wakartusi, aliipanga njia hii kama ngazi yenye vipago vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, na kutulia mbele za Mungu bila maneno. Nakusihi usiifanye kuwa kanuni ya fizikia, ambapo hatua ya kwanza lazima izae ya pili. Siku nyingine utakaa kwenye kusoma tu, na siku nyingine neno moja litakuchukua moja kwa moja hadi kwenye maombi.

Hivi ndivyo ningependa uanze. Acha sura 5. Chukua kifungu kimoja kifupi, kisichozidi aya 20 hivi, ukae nacho kwa juma zima, si kwa siku moja. Amka kabla ya watoto, simu ibaki chumba kingine, usome kwa sauti ambayo wewe mwenyewe unaisikia, polepole, mara mbili au tatu. Neno likikushika, simama hapo, ulirudie, umwulize Bwana kwa nini limekushika, na umjibu. Dakika 20 zinatosha. Kabla ya kuinuka andika neno hilo katika daftari, pamoja na tarehe, na uende nalo kazini; ulitamke ukiwa ndani ya matatu, ulitamke ukisubiri kengele. Usiku, kabla ya kulala, andika sentensi moja tu juu ya mahali lilipokugusa mchana. Usitafute humo jibu la swali la kujiuzulu. Baada ya miezi mitatu utarudi kulisoma daftari lote kwa mara moja, na utaona mambo ambayo hakuna kesha la usiku mmoja lingeweza kukuonyesha.

Kwa vifungu vya kuanzia, ningekupa 1 Samweli 3, Yeremia 1:4-10, Luka 5:1-11 na, zaidi ya vyote, Marko 5:1-20. Kwa Samweli angalia kwamba sauti iliyomwita ilikuwa ya Mungu kweli, ila alikimbilia kwa Eli mara tatu kwa kuwa hakuwa bado anaijua, na ilihitajika masikio ya mzee, ambaye hata macho yake yalikuwa yamefifia, ili kijana ajue aseme nini mara ya nne. Kwa Marko 5, wewe unayekaa kando ya ziwa, fuatana na Yesu anapovuka kwa chombo hadi ng'ambo, amkute mtu yule wa makaburini, amponye. Mtu huyo anamsihi Yesu aambatane naye. Hakuna ombi takatifu kuliko hilo, na Bwana anamkatalia. Anamwambia aende nyumbani kwa watu wake awaeleze mambo makuu aliyotendewa, naye anakwenda kuhubiri katika Dekapoli, nchi ya miji kumi. Tunaposema wito, tunafikiri daima juu ya wale walioacha nyavu, na huyu aliyerudishwa nyumbani tunampita, ingawa yeye naye aliitwa, na kwa kinywa kile kile cha Bwana. Kaa naye juma zima kabla hujasema kwamba darasa la hisabati si madhabahu yako.

Kuhusu moyo wako na yale unayoyahisi, nitakukumbusha habari za Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti. Alikuwa askari, na mwaka 1521 mzinga ulimvunja mguu katika vita vya Pamplona. Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa wa vita, hazikupatikana, akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha watakatifu. Basi akaanza kugundua kitu. Alipowaza sifa za vita na bibi mkuu aliyetamani kumtumikia, alifurahi sana wakati ule, lakini baadaye alibaki mkavu na asiyeridhika. Alipowaza kuwaiga watakatifu alifurahi pia, na furaha hiyo ilibaki naye hata baada ya mawazo kupita. Hakuzipima furaha kwa ukubwa wake bali kwa kile zilichoacha nyuma. Kutokana na hayo alikuja kufundisha kwamba wakati wa ukiwa wa roho, mtu anapokuwa na giza, uchungu na mfadhaiko, asibadilishe uamuzi alioufanya alipokuwa na amani.

Sasa nikuulize kwa upole. Wewe mwenyewe, bila kuulizwa, umetaja habari ya kuondolewa uongozi wa idara. Je, tamaa hii ya kwenda chuo cha theolojia ilikuwako kabla ya mwaka jana, hata kama ilikuwa ndogo? Kama mkuu wa shule angekurudishia idara kesho asubuhi na kukuomba radhi mbele ya walimu wote, je, ungali na hamu ile ile ya kuondoka? Kuna kwenda na kuna kukimbia, na kwa nje vyote viwili ni safari moja. Niliwahi kumwambia kijana mmoja “nenda” bila kumwuliza swali hili, kwa sababu bidii yake ilinifurahisha. Alirudi baada ya miaka miwili akiwa na madeni, na akiwa na uchungu ule ule aliokuwa nao alipoondoka. Sijausahau uso wake.

Juu ya mhubiri mgeni nitasema machache. Paulo anawaagiza Wathesalonike wasitweze unabii, na papo hapo anaongeza: “jaribuni mambo yote; lishikeni lililo jema.” Katika Matendo 13 Roho Mtakatifu alisema Barnaba na Sauli watengwe kwa kazi aliyowaitia, na kanisa la Antiokia halikuwafungisha mizigo siku hiyo hiyo; walifunga tena, wakaomba tena, ndipo wakaweka mikono juu yao. Paulo mwenyewe, aliyeitwa kwa nuru kutoka mbinguni, anawaambia Wagalatia kwamba ilipita miaka mitatu kabla hajapanda kwenda Yerusalemu kuonana na Petro. Mtu asiyekujua, asiyeijua nyumba yako, ambaye kesho atakuwa mji mwingine, anaweza kusema kweli. Lakini neno “usichelewe” si lake kulisema.

Kwa hiyo tafuta watu wanaokujua. Jirani zetu wa Vihiga, Marafiki, yaani Wakweka, ambao misheni yao ilianza Kaimosi mwaka 1902, wanatoka katika mapokeo yenye hazina ambayo makanisa yetu mengine yangefaa kuiazima. Katika mapokeo hayo mtu mwenye jambo zito anaweza kuketi na wenzake wachache aliowachagua, wakanyamaza kwanza, kisha wao wasimpe ushauri wala maoni bali wamwulize tu maswali ya kweli, na katikati ya swali na swali wanyamaze tena. Waalike wanne: mchungaji wako, mzee wa kanisa aliyekuona ukikua, mwalimu mwenzako ambaye si wa ushirika wenu, na mkeo. Naam, mkeo awe ndani ya mviringo huo, na si nje akingojea kuarifiwa. Yeye aliposema “tungoje” hakusema “hapana”, na katika barua yako nzima hilo ndilo neno lililonisikika kama sauti ndogo, tulivu, aliyoisikia Eliya.

Muhula huu usijiuzulu. Iombe parokia yako ikupe nafasi ya kuhubiri mara moja kwa mwezi na kuwatembelea wagonjwa, ili waumini wenyewe waseme kama wanalishwa. Uliza juu ya masomo ya theolojia ya jioni au ya mbali, na juu ya masharti ya likizo ya masomo kwa walimu. Malizeni mkopo. Paulo alishona mahema Korintho akiwa mtume kamili, na hakuna aliyesema kwamba wito wake ulikuwa na upungufu. Likizo ya Agosti ikifika, soma daftari lako, na uniandikie tena.

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Nina miaka 22, naishi Nakuru, na ni Mkatoliki. Tangu shuleni nimetamani utawa. Mama yangu ni mjane na mimi ni kifungua mimba, naye analia kila ninapolitaja jambo hili. Zaidi ya hayo, sijawahi kusikia sauti wala kuota ndoto yoyote. Nimetafakari Injili kwa mwaka mzima na ninachopata ni utulivu tu. Je, ukimya huu una maana kwamba sijaitwa? — Binti, Nakuru

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mimi ni mchungaji wa Kianglikana, na nashukuru kwamba umeniamini na jambo hili. Hapana, ukimya hauna maana hiyo. Mariamu, mama wa Bwana, aliposikia habari za wachungaji, Luka anasema aliyaweka maneno hayo yote, akiyafikiri moyoni mwake. Hakuambiwa maana yake usiku ule. Utulivu unaodumu mwaka mzima, katikati ya machozi ya mama, ni kitu kizito kuliko ndoto nyingi nilizosimuliwa.

Tena Kanisa lako lenyewe halikuharakishi. Sheria yake inataka unovisi, yaani kipindi cha malezi na kujaribiwa, usiopungua miezi 12, na baada yake nadhiri za muda zisizopungua miaka mitatu, ndipo nadhiri za daima. Njia yote hiyo ni kutafakari kwa miguu, na unaweza kurudi nyumbani bila aibu. Zungumza na mlezi wa miito wa shirika unalolipenda, na ukipata nafasi panda kwenye kituo cha hija cha Bikira Maria kule Subukia, ufanye mafungo ya siku mbili, tatu, ukiwa na Injili moja tu mkononi.

Lakini usimpite mama. Katika Marko 7:9-13 Yesu anawakemea wanaosema “Korbani”, yaani waliokitoa kwa Mungu kile ambacho kingewasaidia wazazi wao, na anawakemea kwa ukali. Na katika Yohana 19 yeye mwenyewe, msalabani, anamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda kabla ya kusema imekwisha. Kwa hiyo swali la nani atamtunza mama yako limo ndani ya kuutambua wito wako. Si kikwazo kilichowekwa njiani na adui. Mwulize siku moja asipokuwa analia, pengine mkichambua mboga, anaogopa nini hasa: ni upweke, ni karo ya wadogo zako, ni wajukuu ambao hatawaona kwako? Msikilize mpaka amalize, usimjibu kwa aya ya Biblia, na jioni uliandike jibu lake katika daftari lile lile unaloandikia Injili.